Kingo za matuta yangu ya mboga
Leo nimeng'oa ubao wa mwisho uliozunguka tuta la nyanya, na nilipouminya kwa kidole gumba ulibonyea kama sifongo, huku mchwa wakitoka kwenye nyufa zake. Ulikuwa ubao wa msonobari usiotiwa dawa, nami niliuchagua kwa kuwa ni rahisi kuukata na kuupigilia misumari. Sikufikiria kwamba upande unaogusa udongo wenye unyevu kila siku ndio unaotangulia kuoza. Nilishauriwa kutumia mataruma ya zamani ya reli, lakini nimekataa kabisa, kwa sababu mengi yalilowekwa kwenye kreosoti, kemikali ya kuzuia mbao zisioze, ambayo sitaki ikaribie mizizi ya chakula. Mawe yangefaa, ila yanakula nafasi. Hatimaye nimeamua kujenga kwa matofali ya kuchoma, safu nne, juu ya msingi mwembamba wa kokoto iliyoshindiliwa, maana udongo ukilowa huwa mzito na husukuma ukingo kuelekea nje. Katika safu ya chini nimeacha matundu madogo ya kupitishia maji, na jioni hii safu hiyo imelala sawasawa, jambo lililonifurahisha mno.