Hema la juu ya gari: lijue paa lako kabla ya kuuliza bei

Tangu nianze kutuma picha za kambi zetu kwenye makundi ya WhatsApp, Watanzania wenzangu wa Denver na Aurora, hapa jimboni Colorado, wananiuliza jambo moja: hema lile la juu ya gari ni la kampuni gani, na limegharimu kiasi gani? Nami huwarudishia swali. Gari lako ni lipi, na paa lake linaruhusiwa kubeba kilo ngapi? Wengi hawajui, na mazungumzo yanapaswa kuanzia hapo hapo, kwa sababu mahema yako ya kila aina madukani lakini paa ni hilo hilo ulilouziwa pamoja na gari.

Chukua kile kitabu cha gari kinachokaa kwenye dashibodi bila kuguswa, utafute ukurasa wa mzigo wa paani. Namba utakayoikuta ni uzito ambao paa linastahimili gari likiwa kwenye mwendo. Kwa magari mengi ya familia hapa Marekani namba hiyo huwa kati ya paundi 100 na 165, yaani kilo 45 hadi 75. Gari likitembea, mzigo wa juu unafanya zaidi ya kukandamiza: unavutwa mbele ukifunga breki, unatupwa pembeni kwenye kona, na upepo unataka kuunyanyua. Ukiegesha, nguvu hizo zote zinakoma, ndiyo maana paa lile lile linaweza kulaza watu wazima wawili na watoto juu yake. Subaru Outback ya mwaka 2022 ya toleo la Wilderness inaonyesha tofauti hiyo vizuri: paundi 220 ikitembea, paundi 700 ikiwa imesimama. Matoleo mengine ya Outback yana namba zake, kwa hiyo usichukue namba ya gari la rafiki yako kwa kuwa jina linafanana.

Sasa piga hesabu. Tuseme paa lako linabeba kilo 75. Vyuma vya keria vinavyokatiza paa vina kilo 7 hivi, zinabaki 68. Hema la kilo 60 linaingia. Hema la kilo 80 haliingii, hata kama bei imeshuka nusu na muuzaji anakuhakikishia kwamba wenzako wanalitumia. Keria nayo ina kikomo chake, tena kilichoandikwa na kampuni nyingine kabisa. Kati ya kikomo cha paa na cha keria, fuata kilicho kidogo. Nasisitiza hili kwa sababu barabara zetu hapa ni za milimani. Ukishuka kutoka Kenosha Pass, njia inayokatiza milima kwenye kimo cha mita 3,000 na ushee, kona zinafuatana na upepo unapiga ubavuni. Kilo 60 juu ya paa utazihisi kwenye usukani.

Mahema yenyewe ni ya aina mbili: la ganda gumu na la turubai. Sisi tuliokulia Arusha tumeyaona tangu utotoni kwenye Land Cruiser za kukodi, watalii wakienda nazo Serengeti. Si kitu kipya hata kidogo: Waitaliano walianza kuuza Maggiolina, hema lenye ganda gumu, mwaka 1958. La ganda gumu unalegeza vifungo, unasukuma, na mikono ya gesi inamalizia kazi. Chini ya dakika moja limesimama. Lakini upana wake kwa kawaida ni upana wa paa, hivyo linawatosha wawili, na bei mara nyingi huanzia dola 2,500 kwenda juu. La turubai linakunjuliwa kwa kuvuta ngazi: nusu ya sakafu inabaki juu ya gari, nusu inatokeza nje ikishikiliwa na ngazi yenyewe. Chini ya ile nusu ya nje unapata baraza la kupikia mvua ikinyesha, na juu mnalala baba, mama na watoto wawili. Bei yake ni kati ya dola 1,000 na 2,000. Ubaya wake ni baridi, maana upepo unapita chini ya sakafu inayoning'inia na kupanda hadi kwenye godoro. Sisi tuna watoto wadogo, tukachukua la turubai, na kila aliyeoa na kuzaa namshauri hivyo hivyo. Mkiwa wawili tu na mnahama kila siku, chukueni la ganda gumu.

Kuna jambo ambalo watangazaji wa mahema hawaligusi, nalo linatuhusu sana sisi wa ughaibuni. Kwa wengi wetu, gari la kwenda kambini Jumamosi ndilo la kwenda kazini Jumatatu. Ukifanya kazi hospitalini kama mimi, unaegesha kwenye jengo la ghorofa, na mengi ya majengo hayo yana kimo cha mita 2 na kidogo mlangoni. Gari la familia lenye hema juu linafikia au linapita hapo. Pima kwa futi kamba kuanzia ardhini hadi juu kabisa ya hema, uandike namba hiyo kwenye kikaratasi, ukibandike mbele ya usukani. Anayebeba abiria au kusambaza vyakula naye afikirie mafuta, kwa sababu hema linapambana na upepo kila kilomita, liwe na mtu au liwe tupu. Na kulishusha kila Jumapili usiku si kazi ya mtu mmoja. Kama unaishi kwenye apatimenti ya ghorofa ya tatu isiyo na gereji, jiulize kwanza litalala wapi wakati wa baridi. Wapo wanaokodisha stoo ndogo, lakini hiyo ni bili nyingine ya kila mwezi.

Kwa sababu hizo kuna watu ninaowaambia wazi wasinunue. Kama mnapenda kufika sehemu moja na kukaa hapo siku tatu, hema la chini la dola 200 litawafaa zaidi. La juu, ukitaka kwenda dukani kununua maziwa ya mtoto, ni lazima ukunje kila kitu, utoe ngazi, ufunge zipu, ndipo gari liondoke. Kama unaishi na mzee mwenye magoti mabovu, au mjamzito anayeamka mara nne usiku kwenda msalani, ngazi ya chuma yenye umande saa tisa usiku ni hatari ya kweli. Mama yangu alipokuja kututembelea, tulimpigia hema lake chini, kando ya gari, na alilala vizuri kutushinda sisi.

Baada ya hesabu hizo zote, bado nalipenda hema hili kwa moyo wangu wote. Miaka yangu ya mwanzo hapa niliijua Colorado kama njia kati ya nyumbani, kazini na dukani. Milima niliitazama dirishani. Hoteli ya milimani mwezi wa saba inakula mshahara wa siku kadhaa. Kilichonifungua macho ni kujua kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya huku magharibi ni ya umma, chini ya Forest Service (idara ya misitu) au Bureau of Land Management (idara ya ardhi) za serikali ya Marekani, na kwamba katika maeneo mengi ya ardhi hiyo unaruhusiwa kupiga kambi bure, kwa kawaida hadi siku 14 mahali pamoja. Huulizwi pasipoti yako ni ya nchi gani. Kinachotakiwa ni kujua umesimama kwenye ardhi ya nani. Forest Service wana ramani za bure zinazoonyesha barabara zinazoruhusiwa magari, na baadhi ya misitu iliyo karibu na Denver siku hizi ina vituo maalumu tu vya kulala. Pakua ramani ukiwa nyumbani, kwa sababu ukishaingia bondeni simu haina mtandao. Mwachie ndugu au jirani jina la barabara na siku ya kurudi. Hifadhi za taifa ni habari nyingine: huko kwa kawaida unalala kwenye kambi rasmi uliyolipia, na kulala maegeshoni hairuhusiwi.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni Great Sand Dunes, mwendo wa saa nne hivi kusini mwa Denver. Ni milima ya mchanga inayopita mita 220 kwenda juu, mirefu kuliko mingine yote Amerika Kaskazini, na nyuma yake milima ya mawe yenye theluji. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mapema Juni, theluji ikiyeyuka, kijito cha Medano kinapita kando ya milima hiyo ya mchanga, maji yakija kwa mawimbi madogo madogo, na watoto wanacheza humo mchana kutwa. Kwa mtu ambaye mke wake ni wa Tanga na ambaye watoto wake hawajaiona Bahari ya Hindi, nilipomwona mke wangu amekaa kwenye mchanga huo, maji yakimfika kiunoni, akiwafundisha wanawe kujenga ngome, sikuhitaji kuambiwa kama hela ya hema ilitumika vizuri. Mchana upepo ni mkali. Geuza gari pua ielekee upepo unakotoka, na funga kamba za pembeni za hema hata kama asubuhi palikuwa shwari.

Ukifika kambini, kazi ya kwanza ni kusawazisha gari. Simu nyingi zina pima maji ndani yake. Iweke sakafuni mwa gari, kisha weka mbao au mawe bapa chini ya tairi za upande ulioinama. Mteremko mdogo usiouona ukiwa umesimama utausikia usiku kucha ukiwa umelala. Ikishindikana kabisa, vichwa vikae upande wa juu.

Baridi iheshimuni. Kwenye mita 3,000, usiku wa mwezi wa saba unaweza kushuka hadi nyuzi 5, na mashuka ya kimasai peke yake hayatoshi. Nunua mifuko ya kulalia yenye kiwango cha baridi kilichoandikwa, na uchague kiwango chenye nyuzi za chini kuliko unazozitarajia. Watu wakiona baridi wanafunga kila dirisha la hema, na hapo ndipo wanapolowa: pumzi ya watu wanne inagandia kwenye turubai kama maji na kudondoka alfajiri. Acha madirisha mawili yanayotazamana wazi kidogo, na utandike mkeka wa kupitisha hewa chini ya godoro. Jiko la gesi, mkaa au hita ya kuwaka moto visiingie hemani hata kwa dakika tano. Kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua watu usingizini. Mwezi wa saba na wa nane radi hupiga karibu kila alasiri huku milimani. Ikianza kunguruma, shukeni wote mkae ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Turubai halimkingi mtu na radi.

Wengine wananiambia, "Kaka, ukilala juu huko wanyama hawakufikii." Serengeti hoja hiyo ina uzito wake, lakini mnyama wa huku ni dubu mweusi, na dubu anapanda miti. Tena wa Colorado wameshajifunza kufungua milango ya magari kwa makucha. Usalama wako ni kutokuwa na harufu ya chakula. Hemani kusiingie karanga, pipi za watoto, dawa ya meno wala losheni yenye manukato. Kambi ikiwa na sanduku la chuma la kuhifadhia chakula, tumia hilo. Kama halipo, weka kila kitu ndani ya gari na upige loki kabisa.

Chakula chenyewe kinataka maarifa. Maji kwenye mita 3,000 yanachemka yakiwa na nyuzi 90 tu, si 100. Maharage makavu utayachochea mpaka gesi iishe na bado yatakuwa magumu. Sisi tunayachemsha nyumbani kwa presha kuka, tunayaunga nazi, tunayagandisha kwenye mikebe, na usiku wa kwanza ni kupasha tu. Wali unataka maji zaidi na mfuniko mzito. Ugali unakubali, ila usonge kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Na moto wa kuni uulizie kabla hujaondoka mjini, kwa sababu kiangazi wilaya nyingi hupiga marufuku moto wa wazi. Mara nyingi jiko la gesi lenye swichi ya kuzimia ndilo linaloruhusiwa.

Mkirudi na mvua, hema halingoji wikendi ijayo. Lifungue siku hiyo hiyo au kesho yake likauke hadi kwenye mishono, pamoja na godoro. Turubai lililokunjwa likiwa bichi huota ukungu ndani ya siku chache, na harufu yake haitoki. Sisi wa apatimenti tunatumia maegesho ya bustani ya umma: unaenda mchana wa jua, unalifungua kwa saa mbili, watoto wanacheza, mnarudi.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kukodi kwanza. Denver yapo maduka yanayokodisha mahema haya na kukufungia juu ya gari, na wikendi moja itakuonyesha kama magoti, mgongo na watoto wako wanakubali. Ukinunua lako, waite watu wanne siku ya kulipandisha, kaza nati zote kwa spana, kisha simama baada ya kilomita 80 za kwanza uzikaze tena, maana vyuma vinajikalisha. Ukitaka lililotumika, tafuta mwezi wa kumi, wenyewe wanapotaka nafasi gereji zao. Mwambie muuzaji alifungue lote mbele yako. Ingiza kichwa unuse, endesha kila zipu hadi mwisho, panda ngazi, inua godoro utazame chini yake. Na kabla ya kulipa, uliza uzito wake kwa kilo, urudi kwenye ile namba ya kitabu cha gari lako.