88 bei chini kuliko 87? Mafuta ya gari huku Iowa

Jumamosi iliyopita nilikuwa sheli hapa Des Moines, Marekani, najaza mafuta, pampu ya pili yuko kaka mmoja Mkongomani tunasali pamoja, ana Camry ya 2014, nikamuona anabonyeza 91 ile ya bei ya juu kabisa. Nikamuuliza kaka mbona unaweka hiyo, akanijibu, "Ndugu, hii motokari njo inanilisha, siwezi kuipatia mafuta mubaya." Jamaa anatoka shifti ya kiwandani halafu usiku anazunguka kupeleka vyakula, kila wiki anajaza mara mbili tatu. Kwa kweli iliniuma, maana mtu anaitunza gari yake kwa moyo wote na hela inaondoka bure.

Nadhani hii kitu tumekuja nayo toka nyumbani. Sisi tuliokua enzi za pampu za regula na supa tunajua supa ndio ya wenye nazo, regula ya daladala, kwa hiyo ukifika huku ukakuta 87, 88, 91 unaona kama darasa la kwanza mpaka la tatu. Sio hivyo jamani. Ile namba, ndio inaitwa okteni, haipimi usafi wala nguvu iliyomo kwenye mafuta, inapima mafuta yanavumilia kiasi gani kubanwa bila kujiwakia yenyewe. Pistoni inapanda, inabana hewa na petroli, plagi inatoa cheche, moto unasambaa taratibu, sasa mafuta yasiyovumilia yanalipuka pembeni kabla moto haujafika na hapo unasikia ile tiktiktik, fundi anakwambia injini inagonga (sio ile ya kunoki ukanunua injini nyingine, lakini ukiiacha igonge sana muda mrefu inaweza kukufikisha huko). Injini iliyotengenezwa kwa 87 haibani kiasi cha kuhitaji 91, ukiipa 91 haina cha kufanya nayo. AAA, wale watu wa huduma za madereva, walilipima hili 2016 wakasema Wamarekani ndani ya mwaka mmoja walichoma zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa kuweka primiamu (ile ya bei ya juu kama 91) kwenye magari ya regula, na faida hawakuiona.

Na ndugu zetu wa Ulaya msitucheke na 87 yetu, nyie mnasoma RON peke yake, yaani kipimo kimoja tu cha okteni, huku inachukuliwa wastani wa vipimo viwili, ndio ile (R+M)/2 iliyoandikwa kwenye pampu, kwa hiyo 95 yenu hapa inakuwa kama 90 au 91.

Sasa kuna magari yanayotaka kweli. Fungua kitabu cha gari au angalia ndani ya kile kifuniko kidogo cha tenki, kama imeandikwa primiamu ni lazima basi weka, usibane hela hapo. Kama imeandikwa inapendekezwa tu, 87 haiui injini, ina sensa inayosikia kugonga na kompyuta inachelewesha cheche, unapoteza nguvu kidogo basi. Mfano Mazda CX-5 ya turbo ya 2019, Mazda wenyewe walisema inatoa nguvu za farasi 250 ukiweka 93 na 227 ukiweka 87. Kama unakwenda kazini na kurudi, hao farasi 23 utawatumia wapi?

Sasa kilichomchanganya zaidi yule kaka ni 88, namba kubwa kuliko 87 halafu bei ndogo, akahisi wamechakachua. Hapana. Hapa Iowa ndio jimbo linaloongoza Marekani kwa ethanoli, ile pombe ya mahindi inayochanganywa na petroli, mahindi unayoyaona barabarani mengi hayaendi kuwa ugali. 87 ya kawaida ina ethanoli mpaka asilimia 10, hiyo 88 ina 15, na kwa kuwa ethanoli yenyewe ina okteni ya juu sana ndio maana namba inapanda. EPA, idara ya mazingira ya serikali ya Marekani, wameiruhusu kwa magari madogo ya 2001 kuja mbele, kwa hiyo Camry yake iko salama. Ethanoli ina nishati pungufu kama theluthi moja ukilinganisha na petroli tupu, lakini kutoka 10 kwenda 15 unapoteza kama asilimia moja mpaka mbili ya maili, yaani kama 87 ni dola 3 basi 88 ikiwa imeshuka senti kumi umeshapata. Mimi naiweka na sijaona tatizo.

E85, ile ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, ndio ya kuogopa. Mama mmoja wa hapa kwetu aliona ule mpira wa njano bei iko chini sana akajaza kwenye Corolla yake, hajafika hata nyumbani gari inatetemeka na taa ya chek injini imewaka, ikabidi fundi aitoe yote tenkini, na yule mama hela za wiki hiyo alikuwa ameshazipangia kodi. E85 ni ya magari ya flex fuel tu, yaani yaliyotengenezwa kuchoma ethanoli nyingi, angalia nembo nyuma au kifuniko cha njano. Na hata kama unayo, piga hesabu ya maili usiangalie bei ya galoni, maili zinaweza kupungua hata robo, kwa hiyo chukua bei ya 87 zidisha kwa 0.75. Kama 87 ni dola 3, E85 ikiwa juu ya 2.25 unapata hasara japo risiti inaonekana ndogo.

Pikipiki, boti na mashine ya kukatia majani usiziwekee 88, hairuhusiwi. Mashine yangu ya majani naiwekea ile isiyo na ethanoli kabisa, ni ghali lakini inakaa stoo baridi lote, na ethanoli inavuta maji.

Yule kaka tulipiga hesabu pale pale kwenye simu yake, galoni zake za mwezi mara tofauti ya bei. Alinyamaza kidogo, akasema hizo ni hela za kumtumia mama yake Uvira.