Mpango wa kisiwa kinachosimamiwa kutoka bara: nilivyoanza na hesabu ya mashua

Kitongoji kiko kisiwani, kaskazini mwa Tanga mjini: kaya 40, watu kama 240. Ofisi ya kijiji iko bara, ya kata iko bara, na halmashauri iko mbali zaidi. Mikoko ina wakala wake wa misitu. Ufuo, ndani ya mita 60 kutoka maji, una sheria yake ya mazingira. Karibu kila uamuzi unaohusu kisiwa hufanywa na mtu asiye na haja ya kuvuka, na hilo huonekana kwenye bajeti. Nilipopewa kuandaa mpango wa miaka mitatu, niliyoikuta ilikuwa imekokotolewa kwa bei za bara tupu, usafirishaji ukiwekewa asilimia 5.

Nilianza na matenki ya maji. Makadirio ya awali yalitaka matenki mawili ya mawe na saruji, mifuko 150. Mashua ya pale hubeba tani 3 kwa usalama, yaani mifuko 60 ya kilo 50, kwa hiyo saruji ni safari 3. Hadi hapo sawa. Lakini kwa uwiano wa saruji 1 kwa mchanga 4, mifuko 150 inataka mita za ujazo 21 za mchanga, na mita moja ya ujazo ni kama tani 1.6. Hizo ni tani 33 na ushei, safari 12 za mashua. Kwenye makadirio gharama ya kuvusha mchanga ilikuwa sifuri, kwa kuwa mpimaji aliona kisiwa kimezungukwa na mchanga. Mchanga wa pwani una chumvi: nondo inashika kutu, inavimba, na ukuta unapasuka kutoka ndani.

Kwa hiyo nilibadili. Tulichukua simtanki (matenki ya plastiki) 9 za lita 10,000. Simtanki tupu halibebwi ndani ya mashua; hufungwa mfuniko na matundu yote, likashushwa majini wakati maji yamejaa, likakokotwa kwa kamba. Mawili kwa safari, bahari ikiwa shwari. Mchanga wa bara ukabaki wa misingi tu.

Kiasi cha lita 90,000 hakikutoka hewani. Lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, mara watu 240, ni lita 1,200. Kiangazi cha Januari hadi katikati ya Machi nilikihesabia siku 75. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Toa moja ya tano kwa upotevu. Vuli ikileta milimita 350, unahitaji paa la mita za mraba 322, na shule pamoja na msikiti vilizidi hapo kidogo. Mifereji iwe ya plastiki, maana ya bati huliwa na upepo wa chumvi. Mvua ya kwanza iachwe ipite, kwani inaosha kinyesi cha ndege na vumbi.

Kisima kilichokuwepo tulikataa kukichimba zaidi, ingawa fungu la kazi hiyo lilikuwepo. Maji baridi ya kisiwa kidogo yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukienda chini zaidi, au ukivuta kwa pampu kubwa, chumvi inapanda, na huchukua muda mrefu kushuka tena.

Jambo la pili ni tarehe. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini fedha za miradi huwa na tabia ya kushuka Aprili na Mei. Kwa bara hiyo ni kero. Kwa kisiwa ni hasara kamili, kwa sababu ndiyo masika, na kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, limeshaanza. Saruji inavuka ikiwa imelowa, inaganda stoo, na mwaka unafungwa kazi haijaanza. Kwenye mpango niliandika wazi kuwa vifaa vivushwe Oktoba na Novemba, wakati wa tanga mbili, yaani kati ya kusi na kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini), bahari ikiwa imetulia, na nikaambatisha sababu. Bila sababu iliyoandikwa, mhasibu huona ni matakwa ya mtu.

Na mikutano je? Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa haigharimu chochote kuirekebisha. Wataalamu wanapenda saa 4 asubuhi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, saa 4 asubuhi ndipo maji yamepwa kabisa: wanawake wote wako kwenye mwani na pweza, na chombo hakifiki ufuoni. Ripoti inaandikwa "mwitikio hafifu". Tulipohamishia mikutano siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala kupwa sana, watu walijaa.

Katika mkutano mkuu wa kijiji, kisiwa huwa wachache siku zote. Njia iliyofaa ni kuketi kwanza kitongojini, kuandika muhtasari wenye majina na saini, na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kuuwasilisha kama waraka. Tuliambatisha daftari la samaki la miezi mitatu. Samaki wa kisiwa huuzwa kwenye mwalo (mahali vyombo hushushia samaki) wa bara na kuhesabiwa kuwa wa bara, hivyo kwenye takwimu kisiwa kilikuwa hakizalishi kitu. Daftari lilikuwa na safu nne tu: tarehe, chombo, kilo, mwalo aliouziwa. Hilo lilishawishi kuliko maelezo yangu yote.

Hali hii ya kupanga kutoka mbali si ngeni kwetu. Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza, mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulitumia wiki 9 tu, sehemu kubwa ukitazama ardhi kutoka angani, kisha mpango mkubwa wa karanga ukaanza Kongwa. Udongo ulikauka ukawa kama sakafu, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Kilimo cha mwani kiliwekwa kwenye mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, fungu la wanawake. Mavuno ni kila siku 45 hivi, lakini wakati wa kaskazi maji ya joto huua kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, kwa hiyo tuliomba marejesho ya kwanza yasiangukie Januari hadi Machi, na kamba nyingi zifungwe spinosamu, aina nyingine inayostahimili ingawa bei yake ni ndogo.

Matenki yana kufuli. Wakati wa kiangazi bomba hufunguliwa saa 11 jioni, ndoo moja na nusu ya lita 20 kwa kaya, na mshika ufunguo huandika kimo cha maji kila Ijumaa.