Siku moja maishani mwangu: kila mkojo na saa yake, kliniki ya watoto Tanga

Saa 12:30 asubuhi

Mkojo wa kwanza wa siku tayari uko mezani. Huu ndio tunaoutaka kwa mtoto aliyevimba uso, kwa sababu umelala kibofuni usiku kucha na protini ikiwemo inajionyesha. Nyumbani watu husema macho "yamejaa usingizi", na kufika saa tano uvimbe ukishapungua wasiwasi unaisha. Lakini uvimbe unaoletwa na figo ndivyo ulivyo: asubuhi machoni, jioni miguuni. Tunapima uzito, presha na mkojo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, wiki chache baada ya koo kuuma au vidonda vya ngozi, presha ya mtoto huyo hailali bila kupimwa.

Saa 2:00

Foleni ya homa. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, na kifua, masikio na koo viko salama, tunaomba mkojo. Mtoto wa miezi minane hawezi kusema "nikikojoa naungua". Anachemka, anatapika, anakataa ziwa. Akipewa antibayotiki kwa kubahatisha kabla ya mkojo kuchukuliwa, jibu linapotea, na maambukizi ya figo yanayojirudia huacha makovu. Aliye chini ya miezi mitatu mwenye homa hapangi foleni, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kukinga mkojo wa mtoto mdogo kunahitaji watu wawili na subira. Mtoto ananyonya, tunasubiri kama dakika 25. Anaoshwa kwa sabuni na maji safi, anasuuzwa, anakaushwa. Dawa ya kuua vijidudu tunaikataa, maana ikidondokea kikoponi inaua bakteria wale wale tunaowatafuta. Wa kike anapanguswa kutoka mbele kwenda nyuma. Wa kiume ambaye hajatahiriwa, govi halivutwi kwa nguvu.

Kisha: "Mama, mshike kwapani, miguu ining'inie." Mwenzake anagongagonga kwa ncha za vidole juu kidogo ya mfupa wa kinena kwa sekunde 30, halafu anakanda kiuno kwa vidole gumba, kulia na kushoto ya uti wa mgongo, sekunde 30 nyingine. Anaendelea kwa zamu hadi dakika 5. Mkojo ukigoma, kitambaa safi kilicholowa maji baridi kinasuguliwa polepole chini ya kitovu. Kikopo kiwe wazi mkononi tangu mwanzo, kwa sababu mkojo haupigi hodi. Matone ya kwanza yaache yaende, kinga yanayofuata.

Mkojo uliokamuliwa kwenye pampasi au kumiminwa kutoka kwenye poti haufai. Ule wa mfuko wa kubandika tunauamini pale tu unapotoka safi. Kikopo kifike maabara ndani ya saa moja. Kikiachwa dirishani kwa joto hili letu, bakteria wachache wanakuwa jeshi na mtoto mzima anaandikiwa dawa. Ikibidi kisubiri, kikae kwenye friji, si kwenye friza.

Hata kijiti cha kupimia kina saa yake. Kwa vijiti vingi, nitriti (kemikali ambayo bakteria huitengeneza kwenye mkojo) inasomwa baada ya sekunde 60 na chembe nyeupe za damu baada ya dakika 2. Ukichelewa, rangi zinadanganya. Nitriti nayo inahitaji mkojo uliokaa kibofuni kama saa nne, na mtoto anayekojoa kila mara hafikishi muda huo. Ndiyo maana jibu hasi halimtoi mtoto mdogo kwenye hatari, na mkojo wake tunauotesha maabara tuone kama bakteria watakua. Dawa ikianza, homa inatakiwa ishuke ndani ya saa 48. Isiposhuka, mrudisheni.

Saa 4:00 hadi saa 8:00 mchana

Huu ni muda wa kichocho, kwa sababu mayai ya minyoo yake hutoka kwa wingi zaidi kuelekea adhuhuri. Tunamuuliza mtoto mwenyewe, si mama yake: "Mwanangu, umewahi kukojoa damu?" Watoto wa shule hujibu vizuri. Damu ya kichocho huja mwishoni mwa mkojo, kwa hiyo hapa matone ya mwisho ndiyo yenye thamani. Mtoto arukeruke au akimbie kidogo kwanza, kisha akojoe mpaka tone la mwisho. Mililita 10 zinachujwa, na kwenye darubini yai linaonekana na mwiba mmoja nchani.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 30 anameza vidonge viwili vya miligramu 600, akiwa ameshakula. Dawa haiui minyoo michanga, hivyo mkojo unapimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Na akirudi kuogelea kwenye bwawa lile lile lenye konokono, anaambukizwa upya.

Saa 9:00

Wasichana wa shule, maambukizi ya mara ya tatu au ya nne. Tunauliza choo kikubwa kabla ya kidogo. Choo kigumu kinakandamiza kibofu, mkojo haumaliziki, bakteria wanabaki. Tena wengi wanabana mkojo tangu asubuhi kwa sababu vyoo vya shule vinatisha. Akojoe kila baada ya saa mbili au tatu, achambe kutoka mbele kwenda nyuma, na choo kitibiwe.

Saa 10:30 jioni

Vikojozi. Chini ya miaka mitano hatutibu. Juu ya hapo, fimbo na kumwanikia godoro mbele za watu havijawahi kukausha kitanda. Ila aliyekuwa amekauka miezi sita akaanza tena, anakunywa maji kupita kiasi na anakonda, anapimwa sukari leo leo. Mwenye selimundu hukojoa sana kwa sababu figo zake haziwezi kuufanya mkojo uwe mzito.

Wazazi wanaojiandaa kwa tohara: angalieni tundu la mkojo. Likiwa upande wa chini na si nchani, msitahiri. Ngozi ya govi ndiyo atakayoitumia daktari wa upasuaji kurekebisha tundu hilo. Na mtoto wa kiume ambaye mkojo wake unadondoka tu, haurushi, aonwe mapema.

Saa 1:00 usiku

Mvulana anasema tumbo la chini linamuuma, ameanza ghafla baada ya mpira, ametapika. Aibu humfanya ataje tumbo. Mvueni kaptula muangalie korodani: ikiwa imevimba au imepanda juu, huenda imejisokota. Asisubiri asubuhi. Zipo kama saa sita za kuiokoa, na zinahesabiwa tangu maumivu yalipoanza.