Tangi la matumbawe Arusha: hesabu za usawa wa bahari hazipandi mlima

Maelekezo mengi ya akwariamu ya maji chumvi yanamfaa mtu anayekaa pwani. Arusha mjini ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kinachobadilika kwanza ni hewa. Maji ya bahari ya nyuzi 26 yakiwa Tanga hubeba oksijeni kama miligramu 6.6 kwa lita. Yapandishe hadi Njiro, hayavuki 5.6 au hapo karibu, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Moshi ni kama 6.

Samaki huishi vizuri kwa kiasi hicho, ila akiba haipo. Umeme ukikatika saa nne usiku, tangi lililojaa samaki linaweza kuamka na maiti. Kwa hiyo weka samaki wachache kuliko unavyoshauriwa, pampu moja ya mawimbi ielekee juu mpaka uso wa maji utikisike, na iwe ya kwanza kuunganishwa na betri. Betri ya volti 12 na Ah 100, ukitumia nusu tu ya chaji, ni wati-saa 600: pampu ya DC ya wati 15 inazunguka zaidi ya siku nzima. Taa ziache. Matumbawe hukaa gizani siku mbili bila neno.

Umeme huohuo ukikatika, maji ya tangi kuu hurudi tangi la chini (lile la akiba na vichujio, ambalo pampu hurudisha maji yake juu) kupitia bomba la pampu. Acha nafasi ya lita 30 chini, na toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, livute hewa na kukata mserereko. Chomoa plagi ujaribu kabla ya kuweka chumvi. Kufuta maji baridi sakafuni ni nafuu kuliko kufuta ya chumvi.

Maji ya bomba usiyatumie. Vyanzo vingi vya Arusha vina floridi nyingi, na kila ukifidia maji yaliyokauka inazidi kujilimbikiza. Pitisha kwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kupita utando mwembamba), kisha kichujio cha DI (kinachonasa madini yaliyobaki), mpaka kipima TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Yanayokauka hufidiwa kwa maji haya matupu, kamwe si ya chumvi, kwani chumvi haipai na mvuke.

Chumvi ya mashamba ya pwani ni rahisi na inashawishi, lakini haifai: maji yakikaushwa juani kalisi hutangulia kuganda, na magnesiamu hubaki kwenye maji yanayomwagwa. Unachonunua ni sodiamu kloridi tu. (Magadi ya Natron nayo yabaki kwenye maharage, na hata huko yana floridi.) Nunua chumvi ya akwariamu, lita 200 hula kilo 7.5 hivi. Maji kwanza, chumvi baadaye, pampu izungushe saa 24, kisha pima: 35 kwa elfu. Rifraktomita, yaani kipima chumvi kwa mwanga, irekebishwe kwa kimiminika cha 35, maana iliyorekebishwa kwa maji matupu inaweza kudanganya.

Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Weka hita mbili za wati 150, usiweke moja ya 300. Ikigandia kwenye kuwaka, ya 300 inapika kila kitu. Ya 150 inakupa muda wa kugundua.

Kabla ya samaki, tangi linahitaji bakteria wa kula amonia, sumu wanayoitoa samaki, na nitriti inayotokana nayo: mawe makavu kilo 20, amonia hadi miligramu 2 kwa lita, halafu subiri. Tangi limekomaa pale dozi hiyo inapoisha ndani ya saa 24, nitriti nayo ikiwa sifuri. Kwa kawaida wiki 4 hadi 6.

Safari ya basi kutoka Dar ina mtego wake. Mfuko uliofungwa ukiwa umejaa hewa pwani huvimba karibu asilimia 18 ukifika Arusha, basi ufungwe ukiwa umelegea, mifuko miwili. Ndani yake kabonidayoksaidi imeshusha pH, na asidi hiyo ndiyo inayoifanya amonia isiwe kali. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, amonia inakuwa sumu papo hapo. Elesha mfuko kwenye tangi dakika 20 bila kuufungua, hakikisha chumvi ya tangi inalingana na ya muuzaji, kisha hamisha samaki kwa wavu mara moja. Yale ya kudondoshea maji ya tangi mfukoni kwa muda wa saa mbili waachie wanaosafirisha samaki kwa dakika kumi.

Anza na konokono, kisha samaki wadogo wawili, upumzike wiki tatu. Samaki kangaja hapana, lita 200 ni chumba cha mahabusu kwake. Matumbawe laini yatangulie. Yale magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo yanayotoka nje ya nchi yaje na karatasi. Zoanthasi, jamaa wa matumbawe, wanakua haraka na wanapendeza, lakini baadhi yao wana sumu kali iitwayo palitoksini: vaa glavu na miwani ukiwakata, na jiwe lenye zoanthasi usilichemshe hata siku moja, kwani mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali.