Siku baba alipoliona Hoga

Mwaka 2018 baba alikuja kunitembelea Marekani, akiwa ameshastaafu userahangi, yaani uongozi wa mabaharia, kwenye tagi, boti ya kuvuta na kusukuma meli, bandarini Kilindini. Jumamosi moja nikampeleka North Little Rock, kwenye makumbusho ya vyombo vya majini kando ya Mto Arkansas. Wageni wengi walifuata nyambizi Razorback, iliyokuwepo Ghuba ya Tokyo Wajapani waliposalimu amri mwaka 1945. Baba aliitupia jicho tu, akageukia chombo kifupi, kipana, kilichofungwa jirani.

"Hili ni tagi, mwanangu."

Lilikuwa Hoga, urefu kama mita 30. Tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani waliposhambulia, lilikuwa Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii. Ndege za Japani zikiwa bado angani, lilikwenda kuivuta Vestal, meli ya matengenezo, kutoka ubavuni mwa manowari Arizona iliyokuwa ikiwaka. Kisha likaikimbilia manowari Nevada, inayozama karibu na njia ya meli. Ingelala pale, bandari ingezibika. Hoga likaibana ubavuni, mabaharia wanamwaga maji kwenye moto, huku linaisukuma mpaka ng'ambo ya mkondo. Halafu likarudi kuzima moto, saa 72 bila kupumzika.

Nikamsomea kwamba aliyeliongoza siku hiyo hakuwa afisa, alikuwa serahangi, Joe McManus.

"Serahangi?"

"Ndiyo, baba."

Akavua kofia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya reli ya gati. Kidole cha shahada kimenyooka, hakikunjiki tangu amari, kamba nene ya meli, ilipokibana chumani, mimi nikiwa darasa la tatu. Usiku ule alirudi nyumbani amefungwa bendeji, na alfajiri akaenda kazini. Gazeti liliandika habari za meli iliyotia nanga. Ya tagi, hata mstari mmoja. Hilo liliniuma utotoni, na bado linaniuma.

Nikamweleza mengine: kuanzia 1948 Hoga lilizima moto katika bandari ya Oakland kwa zaidi ya miaka 40, kisha likaachwa limefungwa Suisun Bay, ghuba ya California, hadi lilipoletwa hapa 2015.

"Alhamdulillahi hawakulikata," alisema. Tagi lake yeye liliuzwa chuma chakavu.

Nilitaka kumpiga picha na nyambizi. Akakataa, akasogea mpaka usawa wa omo, sehemu ya mbele, ya Hoga, akavaa kofia yake, akainyoosha.

"Haya, piga. Na namba yake ionekane."