Timazi kabla ya zege

Mzee aliyenifundisha kazi ya viyoyozi na mifumo ya hewa alikuwa na mazoea yaliyowashangaza wengi: alianza kuzunguka saiti miezi mingi kabla zamu yetu haijafika. Jengo bado ni nguzo na mbao, sisi hatuna hata bolti moja ya kufunga, lakini yeye utamkuta anapenya katikati ya mirunda, futi kamba mkononi, michoro kwapani.

Mwaka 2013 nilikuwa fundi msaidizi wake, nimetoka chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe si muda mrefu. Mradi ulikuwa hoteli upande wa Msasani, Dar es Salaam. Tulikuwa na vyumba vya kupoza, vyoo vya kuvuta hewa, na kitu kilichomnyima mzee usingizi kuliko vyote: dakti, yaani njia ya chuma ya kutolea moshi wa jiko. Jiko lilikuwa chini kabisa na moshi ulitakiwa kutokea juu ya paa. Maana yake kila slabu, yaani sakafu ya zege, iachiwe tundu, moja juu ya jingine, mpaka juu.

Dakti ya jiko si sawa na dakti ya hewa ya kawaida. Ile ya kawaida ni bati jepesi. Ikikutana na bimu, ile boriti ya zege, unaipindisha kidogo na kazi inaendelea. Ya jiko ni chuma cheusi cha unene wa milimita 1.6 hivi, na maungio yote yanalehemiwa ili mafuta yasivuje. Moshi wa jiko haupandi peke yake, unapanda na mafuta, na kila penye kona mafuta hutulia na kuganda. Siku moto ukiruka kutoka jikoni ukaingia humo, mafuta yale ndiyo kuni. Kwa hiyo mzee alitaka njia inyooke, asije mtu akamwekea kona mbili kwa sababu ya tundu lililokaa vibaya.

Slabu ya ghorofa ya tatu ilipangwa kumwagwa Jumamosi. Tulifika mapema, tukakuta nondo zimeshafungwa, mabomba ya umeme yamelazwa, na lile boksi la mbao la kuzuia zege lisiingie kwenye tundu letu limepigiliwa barabara. Kwa macho hukuona kasoro yoyote. Pampu ya zege ilikuwa imeshakunjua mkono wake, maseremala wamekaa wanakunywa chai.

Mzee akachuchumaa ndani ya boksi. Akatoboa ubao wa chini kwa drili, kwenye kona, akapitisha uzi wa timazi, kile kizito kinachoning'inia na kuonyesha wima. "Mwanangu, shuka chini uniambie linaangukia wapi."

Nikashuka na tochi mpaka kwenye tundu la slabu ya chini, tulilokwisha kulihakiki. Timazi lilikuwa linayumba. Nikalituliza kwa vidole viwili, nikaliachia. Lilitakiwa liangukie kwenye kona ya tundu lile, liendelee kushuka. Likatua juu ya zege, nje kabisa ya ukingo. Nikapima: sentimita 30, upande wa baharini.

"Mzee, liko nje!"

"Pima tena."

Nikapima tena. Zilikuwa zilezile 30.

Sababu ilipatikana haraka. Kuanzia ghorofa hiyo slabu ilikuwa imetanuliwa kidogo kuelekea baharini, na seremala alipimia kutoka ukingoni mwa slabu, kama alivyofanya ghorofa ya chini. Vipimo vyake vilikuwa sahihi kabisa, ila ukingo wenyewe ndio ulikuwa umehama. Angepimia kutoka kwenye mistari ya gridi ya jengo, ile ya michoro isiyohama ghorofa hadi ghorofa, boksi lingekaa mahali pake.

Mhandisi wa saiti alikuwa kijana, na siku hiyo alikuwa na presha. "Shikamoo mzee. Naambiwa kuna tatizo?"

"Marahaba mwanangu. Tundu la jiko limehama."

"Mzee wangu, gari la kwanza limeshatoka kiwandani. Na foleni unaijua."

Nilimwelewa. Zege likishachanganywa linahesabiwa kama saa moja na nusu liwe limeshamwagwa, na kwa joto la Dar hata muda huo si wa kuuchezea. Kulirudisha gari ni hasara, na kuna watu wengi waliokuja kwa ajili ya kazi hiyo moja.

Mzee hakupandisha sauti. "Sikwambii usimwage. Anzia kule kwenye ngazi, kipande hiki tuachie cha mwisho."

Mhandisi akatazama slabu, akatazama boksi, akachukua simu kumpigia mhandisi wa miundo. Tukatuma picha na vipimo. Jibu likaja kwamba mahali tundu linapotakiwa hapana bimu, kwa hiyo boksi lisogezwe, na nondo za ziada zifungwe kuzunguka pande zake zote.

Ningependa kila anayesimamia majengo aelewe kilichookolewa pale. Zege likishakauka, kuhamisha tundu ni kukata kwa msumeno wa almasi, na ndani mna nondo. Huzikati kwa ruhusa yako mwenyewe. Hesabu zipigwe upya, mshauri asaini, mkata zege atafutwe, halafu lianze lile zogo la nani analipa. Wakati huo feni zenu zimefunikwa turubai stoo, mafundi wanalipwa kwa kukaa, watu wa jipsamu hawawezi kufunga dari, na wapaka rangi wanawasubiri watu wa jipsamu. Watu husema kazi za hewa huchelewa kwa sababu ya mizigo bandarini. Ni kweli mizigo huchelewa, lakini kontena lina namba, na kila asubuhi kuna mtu anaulizia limefika wapi. Tundu lililokosewa halina anayeliulizia mpaka siku dakti inapoletwa.

Pampu ikaanza kule kwenye ngazi. Huku kwetu wafunga nondo na maseremala walifanya kazi bega kwa bega, wakang'oa boksi, wakakunja nondo mpya, wakapigilia upya. Mzee akashusha timazi mara ya pili. Safari hii lilipita kwenye kona ya tundu la chini bila kugusa, akaongeza uzi, likapita na la chini yake. Nikamwita. Akanijibu kwa kugonga ubao mara mbili. Zege lilitufikia mchana, na slabu ikamalizika siku ileile.

Jumatatu kwenye kikao cha saiti mzee hakumlaumu seremala. Aliomba kuona fomu inayosainiwa kabla ya zege kumwagwa. Ilikuwa na nafasi ya sahihi ya watu wa mbao, wa nondo, wa umeme na wa mabomba ya maji. Ya watu wa hewa haikuwemo. Mhandisi akachukua kalamu na rula, akaongeza mstari chini ya fundi mabomba, akaagiza fomu zote zichapwe upya namna hiyo. Kuanzia slabu ya nne, aliyetumwa kushusha timazi na kusaini kwenye mstari ule nilikuwa mimi.